Saratani za njia ya chakula: Mionzi itangulie au kisu kitangulie?

Na Mwandishi Wetu

MGONJWA anapoambiwa kuwa ana saratani ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana inayokaribia njia ya haja kubwa, mara nyingi huwa na maswali mawili. La kwanza hulitamka: nitapona? La pili hulimeza kwa kuona haya: nitakuwa nakwenda haja vipi?

Maswali hayo mawili ndiyo yamewasukuma madaktari wa upasuaji na wa mionzi kufanya utafiti kwa zaidi ya miaka 100. Sehemu kubwa ya utafiti huo haikuhusu kuvumbua kitu kipya. Ilihusu utaratibu: kati ya mionzi na kisu, kipi kitangulie, na je, kuna wakati kimojawapo kinaweza kuachwa kabisa?

Jibu linatofautiana kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Kwenye puru mionzi imepata nafasi kubwa, kwenye tumbo imerudishwa nyuma, na kwenye umio, saratani inayowasumbua sana watu wa Afrika Mashariki, mjadala bado ni mkali.

Tiba mbili za mahali

Upasuaji na mionzi ni tiba za mahali. Zote mbili hushughulika na pale penye uvimbe, tofauti na dawa za kemikali (kemotherapi) ambazo husafiri na damu mwili mzima.

Kisu huondoa uvimbe. Mionzi huua chembe hai pale pale zilipo kwa kuharibu vinasaba vyake, ili zisiweze tena kujigawa. Chembe za saratani ni dhaifu katika kujikarabati, ndiyo maana dozi hugawanywa na kutolewa kidogo kidogo kwa siku kadhaa: chembe zenye afya hupata nafasi ya kujitengeneza kabla ya dozi inayofuata, za saratani hubaki nyuma.

Udhaifu wa kisu ni kwamba daktari hawezi kukata asichokiona. Mionzi nayo hupita mwilini na kugusa viungo visivyo na hatia. Ndani ya nyonga, puru, kibofu, mfuko wa uzazi au tezi dume, pamoja na mishipa ya fahamu ya tendo la ndoa, vimebanana kama abiria wa daladala saa ya jioni. Ukilenga kimoja, jirani yake huungua kidogo.

Kipimo cha dozi huitwa grei. Msomaji atakutana nacho mara kadhaa katika makala haya.

Kisu peke yake

Mwaka 1908 daktari wa upasuaji wa London, Ernest Miles, alichapisha katika jarida la The Lancet maelezo ya upasuaji uliokuja kutawala karne nzima. Kabla ya hapo alikuwa amewapasua wagonjwa 57 kwa kupitia njia ya chini tu. Kati yao, 54 ugonjwa uliwarudia.

Uchunguzi wa maiti ulimwonyesha kuwa saratani ilikuwa imebaki kwenye matezi ya limfu ya juu, ambayo kisu chake hakikuyafikia. Akaamua kuingia kwa njia mbili, kupitia tumboni na kupitia chini, na kuondoa puru yote pamoja na njia ya haja kubwa. Mgonjwa alibakiwa na tundu la kutolea kinyesi kwenye ukuta wa tumbo, yaani kolostomi, kwa maisha yake yote.

Katika kundi lake la mwanzo, wagonjwa wanne kati ya kila kumi walikufa kutokana na upasuaji wenyewe. Hata hivyo waliovuka hatua hiyo walikuwa na matumaini ambayo hayakuwapo kabla, na njia ya Miles ikaenea duniani.

Tatizo halikuisha. Hadi miaka ya 1970 na 1980, saratani ilikuwa ikirudi ndani ya nyonga kwa takriban robo ya wagonjwa waliopasuliwa, katika baadhi ya hospitali hata zaidi. Kurudi huko si tarakimu tu kwa anayepatwa nako. Uvimbe hubana mishipa ya fahamu ya mguu, hutoa usaha wenye harufu, huziba njia ya mkojo, na mgonjwa hufa taratibu akiwa na maumivu ambayo hata mofini huyashindwa.

Mwaka 1982 daktari Bill Heald wa Basingstoke, mji wa kusini mwa England, alidai kuwa kosa liko mikononi mwa wapasuaji wenyewe. Puru imezungukwa na fungu la mafuta lenye matezi, na fungu hilo limefungwa ndani ya utando mwembamba. Desturi ilikuwa daktari kuingiza mkono na kuing'oa puru, utando ukapasuka na mabaki yakabaki. Heald alifundisha kuufuata utando huo kwa macho na mkasi, polepole, hadi kifurushi chote kitoke kizima.

Kwa njia yake, marudio yalishuka hadi chini ya mgonjwa mmoja kati ya kumi. Aidha, wagonjwa wengi zaidi waliweza kuunganishwa utumbo na kuepuka kolostomi ya kudumu. Ni mojawapo ya mifano michache katika historia ya saratani ambapo maendeleo makubwa yalitokana na kukata vizuri zaidi, si kukata zaidi.

Wasweden na wiki moja ya mionzi

Wakati Heald akitembea nchi mbalimbali kufundisha njia yake, Wasweden walikuwa wanalijaribu tatizo lile lile kwa mionzi.

Kati ya 1987 na 1990 waliwaandikisha wagonjwa 1,168 wa saratani ya puru. Nusu walipasuliwa moja kwa moja. Nusu nyingine walipewa kwanza grei 25 kwa siku tano, kisha wakapasuliwa ndani ya wiki iliyofuata. Matokeo yaliyotangazwa 1997 yalionyesha kuwa baada ya miaka mitano saratani ilikuwa imerudi ndani ya nyonga kwa asilimia 11 ya waliopata mionzi, dhidi ya asilimia 27 ya wasiopata. Waliokuwa hai walikuwa asilimia 58 dhidi ya 48.

Kwa lugha nyepesi, katika kila wagonjwa 100, kumi zaidi walikuwa hai kwa sababu ya siku tano za mionzi. Katika tiba ya saratani hayo ni mafanikio makubwa.

Lakini watu wa upasuaji walikuwa na swali la haki. Wasweden hao walipasuliwa kwa mtindo wa zamani. Je, kama wangepasuliwa kwa njia ya Heald, mionzi ingekuwa na kazi gani?

Waholanzi ndio waliojibu, na namna walivyojibu inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Kabla ya kuwaingiza wagonjwa katika jaribio, waliwafundisha kwanza madaktari. Waliandaa warsha, na mpasuaji alitakiwa kufanya operesheni zake za mwanzo chini ya jicho la mkufunzi. Ndipo kati ya 1996 na 1999 wakaandikisha wagonjwa 1,861, wote wakapasuliwa kwa njia moja, nusu wakiwa wamepata kwanza ile wiki moja ya mionzi.

Matokeo yalitoka 2001. Baada ya miaka miwili marudio ndani ya nyonga yalikuwa asilimia 2.4 kwa waliopata mionzi na asilimia 8.2 kwa wasiopata. Baada ya miaka kumi tarakimu zilikuwa asilimia 5 na 11. Kwa hiyo mionzi ilisaidia hata pale upasuaji ulipokuwa mzuri.

Hapa msomaji anapaswa kusimama kidogo. Idadi ya waliokuwa hai katika makundi yote mawili ilikuwa sawa, asilimia 82 baada ya miaka miwili, na kwa ujumla tofauti haikuonekana hata baadaye. Mionzi iliwaokoa takriban wagonjwa sita katika kila 100 na mateso ya saratani kurudi nyongani. Wengine 94 walipata mionzi ile ile bila faida hiyo, kwa sababu ama isingewarudia, ama iliwarudia pamoja na kuchomwa.

Nao walilipa gharama. Waholanzi walipowauliza wagonjwa wasio na kolostomi hali zao baada ya miaka mitano, asilimia 62 ya waliopata mionzi walisema kinyesi huwatoka bila kukusudia, dhidi ya asilimia 38 ya waliopasuliwa tu. Matatizo ya tendo la ndoa nayo yalikuwa mengi zaidi. Haya hayasemwi sana wodini, na ninadhani yangepaswa kusemwa kabla mgonjwa hajatia saini fomu ya ridhaa.

Kuanzia hapo kazi ya watafiti ikawa kutafuta nani hasa anahitaji mionzi. Kipimo cha MRI kilikuja kusaidia, kwa kuwa kinaonyesha kabla ya upasuaji kama uvimbe umeukaribia ule utando wa Heald au bado uko mbali nao.

Kabla au baada?

Kulikuwa na kambi nyingine, hasa Marekani na Ujerumani, iliyopendelea mgonjwa apasuliwe kwanza, nyama ipelekwe maabara, kisha mionzi itolewe kwa wale tu ambao maabara imethibitisha kuwa ugonjwa wao ni mkubwa. Hoja hiyo ina mantiki: kwa nini umchome mtu ambaye huenda hahitaji?

Wajerumani waliijaribu kwa wagonjwa 823. Wote walipangiwa mionzi ya wiki zaidi ya tano, siku 28 za grei 1.8 kila siku, pamoja na dawa ya kemikali. Kundi moja kabla ya kisu na jingine baada yake. Matokeo ya 2004 hayakuacha shaka. Marudio nyongani yalikuwa asilimia 6 kwa waliotanguliza mionzi na asilimia 13 kwa walioifuatisha. Madhara makali ya muda mfupi nayo yalikuwa asilimia 27 dhidi ya 40.

Sababu zinaeleweka. Mionzi hufanya kazi vizuri zaidi penye hewa ya oksijeni, na oksijeni huletwa na damu. Mahali palipokwisha kukatwa pana makovu na damu haifiki vizuri. Zaidi ya hayo, puru ikishaondolewa, utumbo mwembamba hushuka na kujaza nafasi yake, ukawa ndio unaopigwa na mionzi.

Tangu hapo, kwa saratani ya puru iliyokomaa lakini haijasambaa, mionzi kabla ya upasuaji ikawa ndiyo kanuni katika nchi nyingi.

Wasiopasuliwa kabisa

Sehemu ya kusisimua zaidi ya habari hii ilianza kwa bahati.

Mwaka 1974 daktari Norman Nigro wa Detroit, Marekani, alieleza habari za wagonjwa watatu wa saratani ya njia ya haja kubwa. Aliwapa dawa za kemikali na mionzi kwa nia ya kuupunguza uvimbe kabla ya upasuaji wa Miles. Wawili walipopasuliwa, maabara haikukuta saratani yoyote. Wa tatu alikataa kupasuliwa, na ugonjwa haukuonekana tena. Leo hii saratani hiyo hutibiwa kwa mionzi na dawa, na kisu huitwa pale tu vinaposhindwa.

Njia ya haja kubwa na puru ni majirani, lakini aina za saratani zake ni tofauti, ile ya puru ikiwa sugu zaidi kwa mionzi. Hivyo aliyethubutu kuhamishia jambo hilo kwenye puru alihitaji moyo. Huyo alikuwa Angelita Habr-Gama, daktari bingwa wa upasuaji wa São Paulo, Brazil.

Mwaka 2004 yeye na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 265 waliopewa mionzi na dawa. Kwa wagonjwa 71, sawa na asilimia 26.8, uvimbe ulitoweka usionekane kwa macho wala kwa kidole cha daktari. Badala ya kuwapasua kama kanuni ilivyotaka, waliwafuatilia kwa karibu. Baada ya miaka mitano, wote 71 walikuwa hai kwa makadirio ya utafiti huo. Wenzao waliopasuliwa, ambao maabara ilikuta kuwa uvimbe ulikwisha toweka, walikuwa asilimia 88.

Madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walipokea taarifa hiyo kwa mashaka. Kumwacha mtu mwenye saratani bila kumpasua kulionekana ni kucheza na maisha yake. Lakini hospitali moja baada ya nyingine zilianza kujaribu, na 2018 rejista ya kimataifa ya wagonjwa wa namna hiyo ilichapisha matokeo ya watu 880. Katika miaka miwili uvimbe ulichipua upya kwa robo yao. Karibu wote ulichipua ndani ya ukuta wa utumbo, mahali ambapo kidole na kamera huweza kuuona, na wengi waliweza kupasuliwa baadaye.

Ndiyo kusema kwamba mgonjwa mmoja kati ya wanne anarudi kwenye kisu, na watatu wanabaki na maumbile yao. Sharti lake ni ufuatiliaji: kidole, kamera na MRI kila baada ya miezi michache kwa miaka ya mwanzo. Mgonjwa asiyeweza kurudi hospitali kwa sababu ya nauli hafai kuingizwa katika utaratibu huu, hata kama uvimbe wake umeyeyuka.

Jaribio la OPRA la Marekani, lenye wagonjwa 324, lilionyesha 2022 kwamba dawa zikitolewa baada ya mionzi badala ya kabla yake, zaidi ya nusu ya wagonjwa huweza kubaki na puru zao kwa miaka mitatu.

Wakati huohuo wengine walikuwa wanauliza swali la kinyume: je, mionzi yenyewe inaweza kuachwa? Mwaka 2023 jaribio la PROSPECT lenye wagonjwa 1,128 wa Marekani, Kanada na Uswisi lilijibu kuwa inawezekana, kwa wale ambao uvimbe wao si wa chini sana wala mkubwa sana. Walipewa dawa za kemikali, na mionzi ikahifadhiwa kwa wale tu ambao dawa hazikuupunguza uvimbe vya kutosha. Asilimia 9 tu ndio waliohitaji mionzi kabla ya upasuaji. Uponaji ulikuwa sawa.

Ipo pia habari ya New York iliyovuma 2022, ambapo wagonjwa 12 wa puru walitibiwa kwa dawa ya kinga iitwayo dostarlimab, wote uvimbe ukatoweka bila mionzi wala kisu. Hiyo ni kweli, lakini inahusu aina moja ya saratani yenye kasoro maalumu ya vinasaba, ambayo kwenye puru ni wagonjwa wachache tu. Vichwa vya habari vya wakati ule vilivyodai kuwa tiba ya saratani imepatikana vilipotosha.

Umio: saratani ya ukanda wetu

Katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, saratani ya umio, yaani koo la chakula, ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia. Watafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, wakishirikiana na hospitali za Eldoret, Moshi na Blantyre, wamekuwa wakitafuta chanzo chake. Miongoni mwa vinavyotajwa ni tumbaku, pombe, moshi wa kuni na vinywaji vya moto sana.

Mwaka 2016 shirika hilo liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na zaidi ya nyuzi joto 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Watafiti waliopima chai ya watu wa Kilimanjaro ilipokuwa inaanza kunywewa walikuta wastani unazidi nyuzi 70.

Saratani ya umio ina aina kuu mbili. Ile iliyozagaa Ulaya na Marekani huanzia kwenye tezi za sehemu ya chini ya umio na huhusishwa na unene na kiungulia cha muda mrefu. Ya kwetu, kwa zaidi ya tisa ya kila kumi, ni ya skwamasi, inayoanzia kwenye utando unaoufunika umio kwa ndani. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa tiba ya mionzi.

Utafiti mkubwa ni ule wa Uholanzi uitwao CROSS, uliotangazwa 2012. Wagonjwa 366 waligawanywa: wengine walipasuliwa moja kwa moja, wengine walipewa kwanza mionzi ya grei 41.4 kwa wiki tano pamoja na dawa mbili za kemikali. Waliotangulizwa mionzi nusu yao waliishi zaidi ya miezi 49, dhidi ya miezi 24 kwa waliopasuliwa tu.

Kilichowashangaza wengi ni kundi la skwamasi. Karibu nusu yao, asilimia 49, umio uliotolewa ulipochunguzwa maabara haukuwa na chembe hata moja hai ya saratani. Kwa aina ya tezi ilikuwa asilimia 23. Ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha kuwa nusu ya wagonjwa wa skwamasi waliotanguliziwa mionzi waliishi zaidi ya miezi 81, dhidi ya 21 ya waliopasuliwa tu.

Kwa aina ya tezi mambo yamebadilika. Jaribio la Ujerumani la ESOPEC, lenye wagonjwa 438, lililochapishwa 2025, lilionyesha kuwa dawa nne za kemikali bila mionzi, kabla na baada ya kisu, zilileta miezi 66 dhidi ya 37 ya mionzi ya mtindo wa CROSS. Hilo halihusu skwamasi. Mtu wa Bomet au Kilimanjaro akisoma kwenye intaneti kuwa mionzi imeshindwa kwenye saratani ya umio, ajue kuwa aliyeandika anaongelea ugonjwa mwingine.

Waholanzi wameendelea mbele na kuuliza swali la Habr-Gama kwenye umio. Katika jaribio la SANO lililochapishwa 2025, wagonjwa 309 ambao uvimbe haukuonekana tena baada ya mionzi na dawa waligawanywa kati ya kupasuliwa na kufuatiliwa tu, wakipasuliwa pale tu uvimbe utakapojitokeza. Baada ya miaka miwili waliofuatiliwa walikuwa hai asilimia 74 na waliopasuliwa asilimia 71. Upasuaji wa umio hufungua kifua na tumbo, na kuuepuka si jambo dogo.

Haya yote yanamhusu mgonjwa aliyefika mapema. Wengi wa Afrika Mashariki hawafiki mapema. Hufika pale ambapo ugali umeshashindikana, wali umeshindikana, na hata uji unarudi. Kwa hao lengo la tiba ni kumwezesha kumeza tena.

Njia ya haraka ni stenti, kijibomba cha wavu wa waya kinachoingizwa kwa kamera na kujitanua ndani ya umio. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, ina uzoefu wa miaka mingi wa kuwawekea wagonjwa wengi. Njia nyingine ni mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi hupitishwa kwenye mpira hadi palipo na uvimbe, kikakaa dakika chache na kutolewa.

Mwaka 2004 Waholanzi walizilinganisha kwa wagonjwa 209. Stenti ilifungua koo upesi zaidi. Lakini kadiri miezi ilivyopita, waliopata mionzi ya ndani, mara moja tu ya grei 12, walimeza vizuri zaidi na matatizo yao yalikuwa machache. Kwa hiyo mgonjwa aliyebakiwa na wiki chache afadhali stenti. Mwenye matarajio ya miezi kadhaa afadhali mionzi, kama ipo.

Tumbo na kongosho

Kwenye saratani ya tumbo mionzi imepoteza uwanja. Mwaka 2001 utafiti wa Marekani wa watu 556 ulionyesha kuwa mionzi na dawa baada ya upasuaji viliongeza maisha, miezi 36 dhidi ya 27. Kasoro yake ni kwamba mgonjwa mmoja tu kati ya kumi alikuwa ameondolewa matezi kwa ukamilifu unaotakiwa, hivyo wakosoaji walisema mionzi ilikuwa inasafisha baada ya kisu kizembe. Jaribio la TOPGEAR la 2024, lenye wagonjwa 574, liliongeza mionzi juu ya dawa kabla ya upasuaji na halikupata faida yoyote ya maisha.

Kongosho ni habari ya huzuni zaidi. Utafiti wa Ulaya wa 2004 ulikuta kuwa baada ya upasuaji dawa zilisaidia, lakini mionzi haikusaidia.

Siku tano au siku 28

Utafiti wote huu unategemea jambo moja ambalo majarida ya Ulaya hayalitaji: kuwapo kwa mashine inayofanya kazi.

Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, ya kobalti, iliyokuwa Mulago tangu 1995, iliharibika isitengenezeke tena. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Kwa karibu miaka miwili, swali la mionzi itangulie au kisu kitangulie halikuwa na maana kwa Mganda wa kawaida.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ilibeba peke yake mzigo wa mionzi wa nchi nzima kwa miaka mingi, ikitumia mashine za kobalti hadi zilipofungwa mashine za kisasa 2018. Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo ilianza kutoa huduma hiyo kwa watu wa Kanda ya Ziwa.

Aidha, mgonjwa wa puru naye huchelewa. Damu kwenye choo hudhaniwa bawasiri, hununuliwa dawa ya kienyeji, miezi inapita. Mficha maradhi kifo humuumbua. Damu ya choo inayoendelea, choo kubadilika tabia kwa wiki kadhaa, au hisia ya kutomaliza haja, ni sababu ya kumwona daktari na kukubali kidole chake. Kwa umio, dalili ni chakula kigumu kuanza kukwama.

Kwa mgonjwa wa puru anayetoka Kigoma, tofauti kati ya ratiba ya Wasweden na ya Wajerumani ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Ya kwanza ni siku tano za mashine. Ya pili ni siku 28, zaidi ya wiki tano za kulala kwa ndugu au kupanga chumba Dar es Salaam, bila kazi.

Utafiti wa China uitwao STELLAR, wenye wagonjwa 599, ulionyesha 2022 kuwa siku tano zikifuatiwa na dawa kabla ya kisu hazipungui ubora: baada ya miaka mitatu asilimia 64.5 walikuwa hai bila ugonjwa, dhidi ya 62.3 wa ratiba ndefu. Jaribio la RAPIDO la Ulaya nalo liliona 2021 kuwa mpango wa namna hiyo ulipunguza kushindwa kwa tiba, kutoka asilimia 30.4 hadi 23.7. Lakini ufuatiliaji wa miaka mitano ulitoa onyo: saratani ilirudi nyongani kwa asilimia 10 ya kundi la siku tano dhidi ya 6 ya kundi jingine. Madaktari wanaendelea kubishana juu ya pengo hilo la asilimia nne.

Janga la corona la 2020 liliwalazimisha madaktari wengi wa Ulaya kuchagua siku tano ili kupunguza safari za wagonjwa hospitalini. Huku kwetu sababu ilikuwapo siku zote. Mashine inayompa mgonjwa mmoja nafasi 28 ingeweza, kwa nafasi hizo hizo, kuwahudumia wagonjwa watano wa ratiba fupi, na zikabaki nafasi tatu.